Roki ya Ujana Wetu na Matamasha Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya hufanana. Wamefika umri wa kazi na majukumu, kisha siku moja gitaa fulani linalia redioni na wanajikuta wameacha walichokuwa wakifanya. Nayajibu kwa uzito wake, kwa sababu sioni kwa nini mtu aone haya kupenda kilichomlea. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: nyimbo zenyewe hazijapotea, zimejaa kila mahali. Kilichotutoka ni namna tulivyokuwa tukizisikiliza, na hiyo mtu anaweza kuirudia.

Mbona nyimbo nilizozisikia nikiwa na miaka kumi na tano zinanishika kuliko zote zilizofuata?

Watafiti wa kumbukumbu wamelichunguza hili kwa miongo mingi. Mwombe mtu mzima asimulie matukio ya maisha yake, na utaona mengi anayoyataja yanaangukia kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Ni kipindi cha mambo ya mara ya kwanza: kupenda, kukataliwa, kusafiri bila wazazi, kuchagua marafiki mwenyewe. Muziki uliokuwa ukipigwa wakati huo unaganda pamoja na hayo yote.

Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu wa rika mbalimbali walisikilizishwa vipande vya nyimbo zilizovuma katika miaka tofauti. Waliona mapenzi yakifika kilele kwa nyimbo zilizovuma msikilizaji alipokuwa na miaka 23.5 hivi. Kwa hiyo wanaosema mlango hufungwa ukishamaliza shule wanakosea. Unabaki wazi kitambo.

Halafu kuna ubongo wenyewe. Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alionyesha mwaka 2009 kwamba sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayofuatilia wimbo na wakati huohuo kuamsha kumbukumbu za maisha ya mtu. Ndiyo maana wimbo haukuletei picha tu. Unakuletea chumba kizima, waliokuwamo, na hali ya moyo uliyokuwa nayo.

Nami naongeza sababu isiyohitaji maabara: uchache. Ulikuwa na kaseti moja, ukaisikiliza miezi. Ulijua hata ule ukimya kati ya wimbo wa tatu na wa nne una urefu gani. Hakuna muziki unaoweza kukuingia hivyo ukiupa sekunde kumi kabla ya kuruka kwenda wimbo mwingine.

Je, roki ya enzi zile ilikuwa bora kweli, au ni uzee unaongea?

Muda ni chekeche. Makapi yameshapepetwa, tumebaki na punje, halafu tunalinganisha punje hizo na gunia zima la leo ambalo halijapepetwa. Mwaka 1969 ndio mwaka wa tamasha la Woodstock, na watu huutaja kama mwaka mtakatifu wa roki. Lakini wimbo ulioongoza orodha ya mwisho wa mwaka huo ya jarida la Billboard ulikuwa wa The Archies, bendi ya kubuni iliyotokana na katuni. Waliokuwa vijana mwaka ule waliusikia redioni asubuhi na jioni, wapende wasipende.

Hata hivyo sikubali kwamba yote ni uzee. Zipo tofauti za kweli. Bendi nyingi zilirekodi zikipiga pamoja chumba kimoja, kwa mkanda wenye njia chache, na mpiga dramu akiharakisha kidogo kwenye kiitikio, wenzake walimfuata. Leo programu husawazisha kila pigo. Anayesema anasikia watu zaidi kwenye rekodi za zamani hajidanganyi.

Nakumbuka maneno yote ya wimbo na nimesahau hesabu zote nilizofundishwa mwaka uleule. Kwa nini?

Vina, mapigo na marudio hushikilia maneno. Neno likikutoka, mdundo unakuonyesha pengo lina silabi ngapi na linaishia na sauti gani, nawe unalipata. Hesabu haikupewa msaada huo. Wala hukuirudia mara mia kwa hiari yako.

Tamasha la kwanza lina nini hata lisisahaulike?

Lina mwili. Besi huisikii kwa masikio peke yake. Inakugonga kifuani na kutetemesha nguo. Taa zinazimwa, umati unapiga yowe moja, na kwa sekunde chache hakuna anayejua kitakachotokea. Umesubiri miezi, umesimama saa, umebanwa na watu usiowajua ambao wanajua maneno yaleyale unayoyajua wewe. Kwa kijana aliyedhani ni yeye tu anayehisi mambo yale, kusikia maelfu wakiimba mstari uliomliza peke yake chumbani ni jambo kubwa mno. Naamini hilo ndilo tunalolikumbuka kuliko muziki wenyewe.

Tena muziki wenyewe mara nyingi haukusikika vizuri. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu wapatao 55,600. Walikuwa na amplifaya za wati 100 walizotengenezewa na kampuni ya Vox, na sauti zao zilipitishwa kwenye spika za matangazo ya uwanja. Kelele za mashabiki zilimeza karibu kila kitu. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, walifanya tamasha lao la mwisho la kulipiwa huko San Francisco na kuacha kabisa ziara. Lakini waulize waliokuwapo Shea kama walipunjwa!

Miaka tisa baada ya Shea, mwaka 1974, bendi ya Grateful Dead walizunguka Marekani na ukuta wa spika zaidi ya 500 uliosimamishwa nyuma yao, kila chombo kikiwa na spika zake. Mtu aliyehudhuria matamasha mwaka 1965 na tena mwaka 1974 alikutana na vitu viwili tofauti kabisa.

Nina uhakika bendi ilipiga wimbo fulani usiku ule, lakini orodha ya nyimbo za tamasha hilo inasema haikuupiga. Nani yuko sahihi?

Orodha, karibu kila mara. Kila unapokumbuka tukio, ubongo unalijenga upya, na katika ujenzi huo hutia matofali ya mahali pengine: rekodi uliyoisikia baadaye, video uliyoiona, simulizi ya rafiki. Hufanyi hila. Kumbukumbu ya mwanadamu imeumbwa hivyo.

Woodstock ni mfano mzuri. Ilitangazwa kuanzia tarehe 15 hadi 17 Agosti 1969 kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York, na inakadiriwa watu zaidi ya 400,000 walifika. Ratiba ikachelewa mno. Mpiga gitaa Jimi Hendrix, aliyepangwa kufunga usiku wa Jumapili, alipanda jukwaani Jumatatu asubuhi, tarehe 18, wakati wengi walikwisha kuondoka. Lakini katika kumbukumbu za wengi, Hendrix anapiga mbele ya ile bahari ya watu.

Ukikuta tofauti kati ya kumbukumbu yako na orodha, andika zote mbili. Hisia ulizotoka nazo uwanjani ni zako, na orodha haiwezi kuzifuta.

Sikuwahi kuhudhuria tamasha lolote la roki ujana wangu. Nina haki gani ya kulikumbuka?

Haki kamili. Wengi wetu tuliipata roki kupitia redio ya masafa mafupi, kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine mpaka mvumo ukakaribia kuzidi muziki, na gazeti lililochanika lenye picha ya mtu mwenye nywele ndefu. Tarehe 13 Julai 1985 tamasha la Live Aid lilifanyika Wembley, London, na uwanja wa John F. Kennedy, Philadelphia, kwa ajili ya waliokumbwa na njaa Ethiopia. Waliokuwa viwanjani ni sehemu ndogo sana ya waliolitazama kwenye televisheni duniani kote. Bendi ya Queen walipiga dakika kama 21 tu, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Uingereza wanaweza kukuonyesha mwimbaji wao Freddie Mercury alivyoshika kile kipande cha stendi ya maiki.

Tena aliyesikia kwa mbali alilazimika kuwaza mengi mwenyewe: jukwaa likoje, mpiga gitaa anasimama upande gani, watu wamevaa nini. Kuwaza huko nako ni kusikiliza, na pengine ni kusikiliza kwa bidii zaidi.

Watu wananiambia roki ni muziki wa Wazungu. Niwajibu nini?

Wajibu kwa majina. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyeimba nyimbo za injili, alikuwa akicharaza gitaa la umeme kabla ya vijana wengi walioitwa waasisi kushika gitaa. Aliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa kuwaenzi magwiji wa roki, mwaka 2018, miaka mingi baada ya kufariki. Chuck Berry na Little Richard, weusi pia, waliweka msingi ambao bendi za Uingereza zilikuja kuujengea. Hendrix, naye mweusi, hahitaji utetezi.

Ukitaka Afrika, nenda Zambia. Miaka ya 1970 miji ya machimbo ya shaba na Lusaka ilizaa roki yake yenyewe, iliyokuja kuitwa Zamrock: magitaa yenye sauti ya kukwaruza, midundo ya nyumbani, na uimbaji wa Kiingereza na lugha za Zambia. Bendi ya WITCH walikuwa mbele, wakiongozwa na Emmanuel Chanda, ambaye mashabiki walimbandika jina la Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger. Bei ya shaba ilipoanguka uchumi uliyumba, bendi zikakosa kazi, na baadaye UKIMWI ukaondoa wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Jagari akaingia kwenye uchimbaji wa vito. Kisha rekodi zikachapishwa upya, wasikilizaji wapya wakazipenda, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya. Habari hii hunipa furaha kila ninapoisimulia, na ningependa kila mpenzi wa roki mwenye asili ya Afrika aijue.

Na Freddie Mercury? Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964.

Zamani matamasha yalikuwa huru: hakuna vizuizi, hakuna walinzi wengi. Kwa nini wameyaharibu?

Kwa sababu watu walikufa. Tarehe 3 Desemba 1979, bendi ya The Who walipokuwa wanajiandaa kupiga Cincinnati, Marekani, umati ulisongamana kwenye milango michache ya ukumbi na watu 11 wakapoteza maisha. Wengi walikuwa vijana wa umri wetu wa wakati ule. Tiketi nyingi hazikuwa na namba za viti, kwa hiyo aliyetangulia ndiye aliyepata nafasi ya mbele, na kila mtu alijua hivyo. Tarehe 30 Juni 2000, kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, mashabiki 9 walifariki kwenye msongamano mbele ya jukwaa wakati bendi ya Pearl Jam wakipiga. Ule uzio uliogawanya umati, unaokuudhi kwa sababu unakuweka mbali na jukwaa, umetokana na maafa ya namna hiyo. Mimi nauheshimu.

Na simu je? Kila mtu anarekodi, hakuna anayetazama.

Hapa nakubaliana nawe. Baadhi ya wanamuziki wamechukua hatua. Jack White, kwa mfano, katika ziara yake ya mwaka 2018 aliwataka watazamaji wafungie simu kwenye mifuko maalumu mpaka onyesho liishe. Piga picha moja mwanzoni ukitaka, kisha weka simu mfukoni. Mtu mwingine atairekodi, na atairekodi vizuri kuliko wewe.

Nina sanduku la kaseti za zamani. Bado zinaweza kuokolewa?

Nyingi, ndiyo, ila usichelewe. Philips walizindua kaseti mwaka 1963, na zile za miaka ya 1970 na 1980 sasa ni wazee. Anza na zile ambazo hazipatikani popote: rekodi ya bendi ya shule, kipindi cha redio ulichokinasa, sauti ya rafiki akitambulisha wimbo kati ya nyimbo. Albamu iliyouzwa dunia nzima inaweza kusubiri.

Kabla ya kupiga chochote, itazame kaseti kwenye mwanga. Kuna kipande kidogo cha sufi nyuma ya mkanda kinachousukuma kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma sauti; kikidondoka, sauti hufifia. Ukiona ukungu mweupe, usiipige, maana utachafua deki na kaseti nyingine zitakazofuata. Mkanda uliokatika huunganishwa kwa utepe maalumu wa kuunganishia mikanda. Utepe wa ofisini huvuja gundi na kunatisha tabaka lote. Vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti kama bado vipo, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha mara moja, ili mkanda ujilegeze.

Deki nayo ina umuhimu wake. Vile vichezeshi vidogo vya bei ya chini vyenye waya wa kompyuta huyumbisha mwendo, na ukishanasa kuyumba huko hukuondoi tena. Tafuta deki ya kweli inayofanya kazi, safisha hedi na roli ya mpira kwa pamba na spiriti inayokauka haraka, kisha unganisha tundu la kutolea sauti na kompyuta. Ikiwa kaseti ilirekodiwa kwa Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo, ipige kwa Dolby. Ikiwa hujui, ipige bila. Sauti ikiwa nzito kama imefunikwa blanketi, huenda hedi iliyorekodi haikuwa sawa na yako. Fundi anaweza kugeuza skrubu ndogo iliyo kando ya hedi mpaka sauti nyembamba zirudi, na mabadiliko yake hushangaza.

Nasa kwa biti 24, usiruhusu mshale wa sauti ufike kwenye nyekundu, na hifadhi kwa WAV au FLAC, aina za faili zisizopunguza sauti. MP3 tengeneza baadaye kwa ajili ya simu. Usikimbilie kuondoa mvumo kwa programu, kwa sababu mvumo ukiondolewa sana huondoka na matoazi. Weka nakala ya awali isiyoguswa, na nakala nyingine mahali pengine kabisa. Na hizo kaseti usizitupe.

Santuri, tiketi na fulana je?

Santuri zisimame wima, zisilazwe kwa mrundo, mbali na joto. Tiketi zilizochapwa kwenye karatasi ya joto hufutika zenyewe hata gizani, basi zipige skani leo. Fulana geuza ndani nje, fua kwa maji baridi, anika kivulini. Lakini ivae. Fulana ya tamasha iliyokunjwa kabatini haimwambii mtu kitu, na ukiivaa utashangaa nani atakusimamisha njiani.

Mbona toleo jipya la albamu niliyoipenda linanichosha masikio?

Huenda limepandishwa sauti kupita kiasi. Tangu miaka ya 1990 wazalishaji walishindana kufanya rekodi zisikike kubwa: sehemu za sauti ndogo zikainuliwa, sehemu za sauti kubwa zikabanwa, mpaka tofauti kati ya mnong'ono na kishindo ikawa ndogo. Matoleo mapya ya albamu za zamani hayakusalimika. Mfano uliowakasirisha wengi ni albamu ya bendi ya Metallica ya mwaka 2008. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo zilezile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero hazikubanwa vile, na wengine wakaamua kusikiliza hizo.

Siku hizi huduma nyingi za kusikilizia muziki mtandaoni zinasawazisha ukubwa wa sauti, kwa hiyo mashindano yamepoteza maana. Ukitaka ile sauti unayoikumbuka, tafuta santuri au sidii ya toleo la kwanza. Jua pia kwamba masikio hupoteza sauti nyembamba kadiri umri unavyokwenda. Sehemu ya tofauti unayoisikia inaweza kuwa ndani yako.

Masikio yangu yanapiga mluzi tangu matamasha yale. Kuna dawa?

Kwa mluzi wa muda mrefu hakuna dawa inayoufuta, lakini kuna msaada. Kifaa cha kusikia, sauti za kuufunika, na ushauri wa kitaalamu hupunguza sana usumbufu. Muone daktari wa masikio. Ikiwa kusikia kumepotea ghafla, ikiwa mluzi uko sikio moja tu, au ikiwa unadunda pamoja na moyo, nenda bila kuchelewa. Usikivu uliopotea ghafla hutibika zaidi siku za mwanzo.

Hesabu za kelele ni kali kuliko watu wanavyodhani. Kiwango kinachotumika sana ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100, ambazo ni kawaida kabisa kwenye tamasha la roki, unabaki na dakika 15. Mwaka 1976 The Who walipimwa desibeli 126 umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika, wakaingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness. Pete Townshend, mpiga gitaa wao, amezungumza hadharani mara nyingi kuhusu masikio yake yaliyoharibika. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, alilazimika kukatiza ziara mwaka 2016 kwa sababu hiyohiyo.

Vaa viziba masikio. Vipo vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, na ukweli ni kwamba ukivivaa utasikia gitaa vizuri zaidi kuliko bila. Mpe na kijana wako.

Bendi yangu imerudiana. Niende?

Nenda. Ninajua hoja zote za kupinga: wamezeeka, wanatafuta pesa, sauti ya mwimbaji imeshuka na nyimbo zimeteremshwa ufunguo ili aziweze. Zote zinaweza kuwa kweli na bado usiku ule ukakupa kitu. Led Zeppelin walipokutana tena jukwaani London tarehe 10 Desemba 2007, Jason Bonham akishika nafasi ya marehemu baba yake kwenye dramu, maombi ya tiketi yalitajwa kufikia milioni 20 kwa onyesho moja. Oasis walitengana mwaka 2009, wakarudi Julai 2025 kuanzia Cardiff. Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath wa awali walipiga tamasha lao la mwisho Birmingham, mji waliozaliwa, Ozzy Osbourne akiimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi. Alifariki siku 17 baadaye. Aliyesema atawaona wakati mwingine hakuupata.

Kuhusu bendi yenye mwimbaji mpya, msikilize kabla ya kuhukumu. Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC kabla ya Johnson, alifariki Februari 1980. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wametoa na Brian Johnson albamu iliyokuja kuwa mojawapo ya zilizouzwa zaidi duniani. Nisichokipenda ni bendi kutumia jina wakati hakuna hata mmoja wa waliolijenga. Hapo tiketi inauza kitu ambacho hakipo.

Kwa nini namlilia mwanamuziki ambaye hakunijua?

Kwa sababu wewe ulimjua, au angalau uliijua sauti yake kuliko ulivyowajua majirani wengi. Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, alipofariki Aprili 1994 akiwa na miaka 27, vijana waliomboleza kama waliofiwa nyumbani, na watu wazima wakawacheka. Haikuwa vyema kuwacheka. Sauti ile ilikuwa pamoja nao saa ambazo hawakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye. Lia, kisha piga albamu yake yote.

Nimegundua mwanamuziki niliyempenda aliwatendea watu vibaya. Nifanyeje na nyimbo zake?

Amini waliotendewa kwanza. Baada ya hapo, kila mtu huamua mwenyewe. Mimi kuna rekodi nimeziacha kabisa, na sizikosi kama nilivyodhani ningezikosa. Usikubali mtu akulazimishe kujifanya kwamba hazikukugusa ulipokuwa mtoto, zilikugusa.

Nawezaje kuwaonjesha wanangu bila kuwachosha?

Usihubiri. Piga muziki ukiwa unafanya shughuli zako na uache uwafikie. Carol Lynne Krumhansl na Justin Zupnick walichapisha mwaka 2013 utafiti uliowahusu vijana wa miaka kama ishirini, na waliwakuta wakiwa na mapenzi na kumbukumbu hata kwa nyimbo zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana. Muziki uliokuwa ukipigwa nyumbani uliwaingia bila somo. Na wakikupigia wao wimbo wao, usikilize mpaka mwisho kabla ya kusema neno.

Nataka kusikiliza tena kama zamani. Nianzie wapi?

Chagua albamu moja. Upande mmoja wa santuri una dakika kama 22, kwa hiyo unahitaji muda mfupi kuliko unavyofikiri. Weka simu chumba kingine. Fuata mpangilio wa nyimbo kama ulivyowekwa, pamoja na ule wimbo uliokuwa ukiuruka. Bendi iliuweka pale kwa sababu. Shika jalada mkononi kama unalo, na usome majina ya wapiga vyombo. Rudia albamu hiyohiyo kwa wiki nzima kabla ya kugusa nyingine. Fanya vivyo hivyo na albamu iliyotoka mwaka huu, kwa sababu haiwezi kukuingia ikiwa huipi nafasi uliyoipa ile ya kwanza. Ukiweza, alika mtu mmoja aliyekuwa akisikiliza nawe enzi zile. Mazungumzo yasubiri upande wa kwanza uishe.

Sikuwahi kujifunza gitaa. Nimechelewa?

Hapana. Ncha za vidole zitauma wiki kadhaa, kisha ngozi itakuwa ngumu. Roki ina fadhila hii: nyimbo zake nyingi zimesimama juu ya kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu au nne, na ile kodi nzito ya nyuzi mbili tatu, inayoshikwa kwa umbo moja na kusogezwa juu na chini ya shingo ya gitaa, hujifunzwa kwa siku chache. Nunua gitaa lililotumika ambalo fundi amelikagua, na amplifaya ndogo yenye tundu la hedifoni ili majirani wawe na amani. Kila mara litune kabla ya kuanza. Wimbo wa kwanza uwe ule unaoujua kwa moyo tangu shule. Masikio yako tayari yanajua kila badiliko linakuja lini, vidole ndivyo vyenye kazi ya kufuata, na dakika 15 kila siku zitakufikisha mbali kuliko saa tatu za Jumamosi.